Omar Khayyam wa Nishapur: Mwanafalaki wa Mkate na Kivuli

Jina la Omar Khayyam si geni kwa wapenzi wa fasihi ya Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, alizitia katika Kiswahili tungo ambazo Mwingereza Edward FitzGerald alikuwa amezitoa katika Kiajemi takriban karne moja kabla yake. Hivyo basi, Mwajemi wa karne ya 11 alifika katika upwa wa Afrika Mashariki kwa njia ya mzunguko, akipitia Uingereza, ilhali merikebu za Uajemi zilikuwa zikitia nanga katika upwa huo huo enzi za uhai wake. Wasomaji wengi wa tafsiri hiyo hubaki na picha ya mzee mpenda starehe aliyejilaza chini ya mti, mtungi ubavuni, asiyejali lolote. Picha hii ina ukweli kidogo na upotoshaji mwingi. Mtu aliyesifu mkate, kivuli na saa moja ya mazungumzo na rafiki alikuwa mwanahisabati mkuu kuliko wote wa zama zake, na alikuwa na sababu nzito za kuvithamini vitu hivyo vidogo.

Jina lake kamili lilikuwa Ghiyath al-Din Abu al-Fath Umar bin Ibrahim al-Khayyami. Neno khayyam katika Kiarabu lina maana ya mshona mahema, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili kuligundua shina lake, maadamu neno hema limetoka papo hapo. Yamkini baba yake au babu yake ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Hakuna ushahidi kwamba Omar mwenyewe aliwahi kushika sindano na turubai. Vivyo hivyo, utungo uliompa umaarufu, rubai, ni ubeti unaojitegemea wenye mishororo minne. Washairi wetu wanaoitunga tarbia wanatumia jina lililotokana na mzizi huo huo wa Kiarabu wenye maana ya nne. Tofauti ni kwamba ubeti wa tarbia kwa kawaida ni kiungo cha shairi refu, ilhali rubai huanza, husema na hunyamaza ndani ya mishororo yake minne.

Omar alizaliwa Nishapur, katika jimbo la Khorasan, kaskazini-mashariki ya Uajemi, tarehe 18 Mei 1048. Tarehe hii imepatikana kwa njia inayochekesha kidogo. Zahir al-Din Bayhaqi, mwanahistoria aliyemwona kwa macho yake, aliandika nyota zilivyokaa angani saa Omar alipozaliwa, na katika karne ya 20 mtaalamu mmoja wa Kihindi akapiga hesabu kurudi nyuma hadi akaipata siku yenyewe. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa ya mtu ambaye, kwa ushahidi wa mwanafunzi wake, hakuwa na imani kubwa na unajimu, inajulikana kwa sababu ya unajimu.

Nishapur ya wakati huo haikuwa mji wa kando. Ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia ya Kiislamu, katika njia ya misafara iliyounganisha Baghdad na Asia ya Kati. Milima ya karibu ilitoa feruzi. Maji yalitoka milimani kwa mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi, yakafika mjini na kumwagilia bustani zilizozungushiwa kuta. Wafinyanzi wake walikuwa mashuhuri: wachimbuzi wa mambo ya kale kutoka jumba la makumbusho la Metropolitan la New York walipofukua mabaki ya mji huo kati ya 1935 na 1947, walikuta mabakuli na magudulia kwa wingi, mengine yakiwa yamenakshiwa maandishi ya Kiarabu kwa ustadi wa hali ya juu. Mambo haya yafaa yakumbukwe, kwani mhakiki asiyejua Nishapur huweza kudhani kwamba bustani, kijito na mtungi wa udongo katika tungo za Khayyam ni mapambo ya kishairi tu. Havikuwa mapambo. Vilikuwa vitu alivyopishana navyo kila siku akienda na kurudi.

Kuhusu masomo yake kuna hadithi tamu ambayo imerudiwa mara nyingi mno. Inadaiwa kwamba Omar, Nizam al-Mulk na Hasan Sabbah walisoma kwa mwalimu mmoja wakiwa vijana, wakala yamini kuwa atakayefanikiwa atawainua wenzake. Nizam al-Mulk akawa waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki. Hasan akaja kuwa kiongozi wa kundi la Ismailia lililojichimbia katika ngome ya Alamut. Omar naye akaomba apewe tu kipato cha kumwezesha kusoma kwa utulivu. Hadithi hii haiwezi kuwa kweli. Nizam al-Mulk alizaliwa mwaka wa 1018, na haiyumkiniki mtu wa miaka 30 na ushei akae darasa moja na mtoto wa miaka mitano. Hata hivyo, ni hadithi yenye maana kwa namna yake. Waliosimulia walihisi kwamba kati ya watu watatu hao, mmoja alitaka utawala, mwingine akataka mapinduzi, na wa tatu akataka chumba kimya na vitabu.

Ukweli unaofahamika ni kwamba kufikia mwaka wa 1070 au hapo karibu, Omar alikuwa Samarkand, chini ya ulinzi wa kadhi mkuu wa mji huo, Abu Tahir. Huko ndiko alikoandika risala yake ya aljebra. Ndani yake aliipanga milinganyo ya daraja la tatu katika makundi, akaonyesha jinsi ya kuitatua kwa kukatizanisha michirizo iliyopinda ambayo hupatikana mtu akiikata pia kwa mishazari mbalimbali. Hakuna aliyekuwa ameifanya kazi hiyo kwa ukamilifu kama wake, na wanahisabati wa Ulaya walikuja kuipata njia ya kuitatua milinganyo hiyo kwa hesabu peke yake katika karne ya 16. Risala nyingine, iliyokamilika mwaka wa 1077, ilichunguza ugumu uliomo katika kitabu cha Euclid, hususan suala la mistari sambamba.

Dibaji ya risala ya aljebra inastahili kutazamwa, kwani ni moja ya mahali pachache ambapo mtu huyu anazungumza juu ya hali yake bila ya shaka yoyote kwamba ni yeye. Analalamika kwamba taabu za zama zake zilimnyima nafasi ya kuifikiria kazi hiyo. Wenye elimu ya kweli wamekwisha, anasema, wamebaki wachache wenye mashaka mengi. Wengi wanaojiita wenye hekima huchanganya ukweli na uongo, na kile kidogo wanachokijua hukitumia kwa faida za kimwili. Mtu akiitafuta haki kwa moyo mnyofu, hudharauliwa na kuchekwa. Wakati huo Omar alikuwa kijana wa miaka 22 hivi. Uchungu huu wa mapema unaeleza mengi kuhusu yale yaliyokuja baadaye.

Mtawala wa Bukhara, Shams al-Mulk, alimheshimu kiasi cha kumketisha pamoja naye katika kiti chake cha enzi. Kisha, mwaka wa 1074, akaitwa na sultani mkubwa zaidi. Malik Shah wa Waseljuki, pamoja na waziri wake Nizam al-Mulk, walimtaka Isfahan ili ashirikiane na wanafalaki wengine, akiwemo al-Isfizari, kujenga kituo cha kutazamia nyota na kuirekebisha kalenda.

Tatizo la kalenda linaweza kueleweka vyema sana na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka mpya wa Waajemi, Nauruzi, ulipaswa kuangukia mwanzo wa majira ya kuchipua, usiku na mchana vinapolingana. Lakini kalenda ya zamani ilikuwa na siku 365 kamili bila nyongeza, na mwaka wa jua una robo siku zaidi. Kila miaka minne siku moja ikapotea. Ni mwaka ule ule wa siku 365 ambao mabaharia na wakulima wa Kiswahili waliurithi pamoja na jina la Nairuzi, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi. Na sherehe yake, Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi huiadhimisha mwezi wa Julai, iko mbali kabisa na Nauruzi ya Waajemi ya mwezi wa Machi. Omar na wenzake waliisogeza Nauruzi kwa siku 18 na kuirudisha mahali pake. Kalenda mpya, iliyoitwa Jalali kwa heshima ya sultani, ilianza tarehe 15 Machi 1079. Nauruzi ikafungwa kwenye mwendo wa jua lenyewe, si kwenye hesabu ya siku tu. Kalenda ya jua inayotumiwa Iran, iliyopitishwa rasmi mwaka wa 1925, ni mjukuu wake.

Ni rahisi kuisoma kazi hii kama jambo la kiufundi. Lakini fikiria kile alichokuwa akikifanya usiku baada ya usiku kwa miaka kadhaa: alikuwa akipima, kwa usahihi ambao haukuwahi kufikiwa, jinsi mwaka unavyopita. Mtu wa kawaida huambiwa kwamba wakati haurudi, akaitikia kwa kichwa. Yeye alikuwa na takwimu zake.

Miaka 18 ya Isfahan ndiyo iliyokuwa ya neema katika maisha yake. Ilikatika ghafla mwaka wa 1092. Mwezi wa Oktoba Nizam al-Mulk alichomwa kisu na muuaji aliyejifanya sufi mwenye haja. Mwezi wa Novemba Malik Shah naye akafa. Warithi wakaanza kupigania kiti. Fedha za kituo cha falaki zikakauka, na kazi iliyokusudiwa kuendelea miaka mingi ikakoma. Omar alikuwa na umri wa miaka 44, asiye na mlinzi na mwenye maadui.

Maadui hao hawakukosa la kusema. Al-Qifti, aliyeandika kama karne moja baadaye, anasimulia kwamba watu wa zama zake walimshuku katika dini, na kwamba alipohofia damu yake aliuzuia ulimi na kalamu akaenda kuhiji, zaidi kwa tahadhari kuliko kwa ucha Mungu. Aliporudi akajitia kimya, akawa anaenda msikitini asubuhi na jioni na kuficha siri zake. Ukali wa al-Qifti haupaswi kukubaliwa bila kupimwa, lakini Bayhaqi, aliyemheshimu, naye hakumpamba. Anamtaja kuwa mtu mwenye tabia ngumu, mchoyo wa kufundisha na wa kuandika. Anasimulia pia kwamba Imamu Ghazali alimwendea kumwuliza swali kuhusu mwendo wa falaki, naye akalijibu kwa mzunguko mrefu mno, akianzia mbali, hadi adhana ya adhuhuri ikasikika na Ghazali akainuka kabla jibu halijafika penyewe.

Taswira hii haina budi kuwekwa mbele ya kila anayemfanya Khayyam kuwa mzee mcheshi wa karamuni. Aliyesifu furaha ya saa moja hakuwa mtu wa furaha nyepesi. Alikuwa mpweke na mwepesi wa hasira, aliyeona kazi kubwa ya ujana wake ikifungwa kwa sababu ya visu na urithi wa watu wengine.

Katika uzee aliishi zaidi Nishapur, akiitwa mara kwa mara Marw, makao ya Sanjar, mwana wa Malik Shah. Sanjar hakumpenda, na chanzo chake ni kidogo. Sanjar alipokuwa mtoto aliugua ndui, na Omar, aliyejua pia utabibu, akaitwa kumtazama. Alipotoka, waziri alimwuliza hali ya mgonjwa, naye akajibu kwamba hali ya mtoto ni ya kutisha. Mtumishi mmoja alilisikia jibu hilo akalipeleka kwa mtoto. Sanjar alipona, akakua, akatawala, asisahau.

Kisa kingine kinasimuliwa na Nizami Aruzi wa Samarkand, aliyejihesabu kuwa mwanafunzi wake. Wakati wa baridi, mwaka wa 508 wa Hijria, yaani 1114 au 1115, mtawala aliyekuwa Marw alitaka kwenda kuwinda, akaagiza Omar amchagulie siku zisizo na theluji wala mvua. Omar aliifanya kazi hiyo kwa siku mbili kwa makini, kisha akaenda mwenyewe kumsaidia mtawala kupanda farasi kwa saa iliyochaguliwa. Hawajafika mbali, mawingu yakatanda, upepo ukavuma, theluji ikaanza kuanguka. Watu wakacheka. Mtawala akataka kurudi, lakini Omar akamtuliza kwamba hali itatakata saa ile ile na kwa siku tano hakutakuwa na hata tone. Ikawa hivyo. Aruzi anaongeza kwamba licha ya ustadi huo, hakuwahi kuona kwa Omar dalili ya kuuamini unajimu. Inaelekea alilitazama anga tu, kama nahodha anavyolitazama. Tunaona hapa jinsi mtu aliyeupima mwaka wa jua alivyolazimika uzeeni kuwachagulia wakubwa siku za kuwinda.

Je, ni wakati huo ndipo alipozitunga rubai? Hakuna ajuaye, na hapa ndipo penye suala zito ambalo mwanafunzi wa fasihi hawezi kulikwepa. Bayhaqi na Aruzi, watu wawili waliomfahamu, hawamtaji hata mara moja kama mshairi wa Kiajemi. Tungo chache zinajitokeza katika vitabu vya miaka mia moja iliyofuata. Mwaka wa 1223 Najm al-Din Razi, sufi mkubwa, alinukuu rubai mbili za Khayyam ili kumlaani kama mtu aliyepotea. Baadaye tungo ziliongezeka karne baada ya karne, hadi mikusanyo mingine ikawa na zaidi ya elfu moja. Kila utungo wa Kiajemi wenye kulalamikia ufupi wa maisha na kuusifu mtungi ukapachikwa jina lake, kama vile ngano za Waswahili zinavyomrudia Abunuwasi. Mtaalamu wa Denmark, Arthur Christensen, alikubali 121 mwaka wa 1927. Foroughi na Ghani wa Iran wakachapisha 178 mwaka wa 1942. Wapo wasemao kwamba hata moja haiwezi kuthibitishwa. Msimamo wa busara ni kukubali kwamba kiini cha tungo hizo ni chake, kwani Razi asingemlaani mtu kwa mashairi asiyojulikana nayo, na kukubali pia kwamba ukubwa wa kiini hicho haujulikani.

Katika kiini hicho, mawazo yanazunguka mambo machache. Mbingu hazimwambii mtu alikotoka wala anakokwenda. Wenye elimu walijadili, wakalala. Mfinyanzi anapoukanyaga udongo sokoni, huenda anakanyaga shingo ya mfalme au shavu la mpenzi wa zamani, na mtungi anaouuza una mkono unaofanana na mkono uliowahi kuizunguka shingo ya mtu. Majani yaliyo ukingoni mwa kijito yameota juu ya midomo ya mtu fulani, kwa hiyo yakanyagwe polepole. Baada ya hayo huja mkate wa ngano, kivuli, sahani ya chakula, mbalamwezi, uso wa mwenzi.

Mpangilio huo ndio unaosahauliwa. Rubai haianzi kwa kusema kwamba maisha ni matamu. Huanza kaburini au katika kiwanda cha mfinyanzi, ndipo inapofika mezani. Mkate unapata uzito wake kwa sababu aliye nao ameshajua kwamba Malik Shah amekufa, na Nizam al-Mulk amekufa, na kalenda iliyo sahihi kabisa haiwezi kumrudishia yeyote siku iliyopita. Wanaomshutumu kwa kuhimiza anasa wamesoma nusu ya pili ya ubeti na kuiacha ya kwanza. Aidha, anachokitamani ni kidogo mno kuitwa anasa. Katika ushairi wa kasri wa siku hizo, washairi waliomba farasi, dhahabu na mavazi ya heshima, na walipewa. Khayyam haombi kitu kwa mtu. Mwenye nusu ya mkate na mahali pa kulala, asiye bwana wala mtumwa wa yeyote, kwake ndiye aliyefanikiwa. Hili ni tamko la mtu aliyewahi kuketi katika kiti cha enzi kwa kukaribishwa, na aliyejua bei yake.

Mvinyo ni suala jingine. Wasomaji Waislamu, wa Uajemi na wa pwani yetu pia, wamejiuliza kama mvinyo huo ni wa zabibu au ni fumbo la mapenzi ya Mungu, kama ilivyo kawaida katika ushairi wa kisufi. Mfaransa J. B. Nicolas, aliyezitafsiri rubai mwaka wa 1867, alishikilia kwamba yote ni fumbo. Dai hilo halina nguvu. Masufi wenyewe, kwa kinywa cha Razi, hawakumtambua kama mwenzao. Kwa upande mwingine, kuona kwamba kila mtungi uliotajwa ulinywewa kweli ni kuusoma ushairi kama hati ya polisi. Mvinyo katika Kiajemi ulikuwa tayari ni desturi ya utunzi, kama mnazi, bahari na waridi katika mashairi ya pwani. Uwe wa zabibu au uwe wa desturi, kazi yake katika rubai ni moja: kumweka mtu katika saa aliyomo.

Safari ya tungo hizi kuja kwetu ilikuwa na bahati nasibu nyingi. Katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford kulikuwa na mswada wa mwaka wa 1460 wenye rubai 158. Mwaka wa 1856 Edward Cowell, kijana aliyekuwa akimfundisha FitzGerald Kiajemi, alimpa nakala yake kabla ya kusafiri kwenda India. FitzGerald alikuwa bwana wa mashambani, mwenye mali na asiye na kazi maalumu, ambaye raha zake zilikuwa bustani, marafiki wachache na mashua. Alizifasiri kwa uhuru mwingi, akaunganisha rubai zisizohusiana ziwe shairi moja lenye asubuhi na jioni yake. Kitabu cha beti 75 kilichapishwa mwaka wa 1859, nakala 250, bila jina la mfasiri. Hakikununuliwa. Muuza vitabu akazitia nakala katika sanduku la nje la vitabu vya senti moja, na humo zikaokotwa mwaka wa 1861 na watu waliozipeleka kwa mshairi Dante Gabriel Rossetti. Kabla karne haijaisha, Khayyam wa FitzGerald alikuwa amejaa Uingereza na Marekani. Nakala ya Kiingereza ikasafiri na dola ya Waingereza, ikafika mikononi mwa karani mmoja wa serikali ya Tanganyika aliyeandika mashairi baada ya saa za kazi. Shaaban Robert alikuwa amezoea kuandika juu ya kinaya, utu na kufanya kazi bila kusifiwa. Haishangazi kwamba aliona kitu cha kwake humo.

Omar mwenyewe hakuyajua yote hayo. Mwaka wa 507 wa Hijria, yaani 1113 au 1114, Bayhaqi alipelekwa na baba yake kumsalimu, akiwa mtoto mdogo. Mzee, ambaye wengi walimwogopa, alimwuliza maswali mawili: moja kuhusu ubeti wa Kiarabu, jingine kuhusu michirizo ya duara. Mtoto akajibu yote, na mzee akamsifu mbele ya baba yake. Bayhaqi aliukumbuka mchana huo maisha yake yote.

Habari za kifo chake Bayhaqi alizipata kwa mkwe wa marehemu. Mwaka wa 1131 Omar, akiwa na umri wa miaka 83, alikuwa amekaa akisoma kitabu cha falsafa cha Ibn Sina huku akijichokoa meno kwa kijiti cha dhahabu. Alipofika katika sura inayohusu Mmoja na wengi, alikiweka kile kijiti kati ya kurasa ili asipotee mahali alipofikia, akainuka, akataka watu waitwe apate kuusia. Hakula wala kunywa tena. Baada ya swala ya isha alisujudu, akamwomba Mola amsamehe kwa kuwa alijitahidi kumjua kadiri ya uwezo wake, akafa.

Lakini Nizami Aruzi alikuwa na kumbukumbu nyingine. Mwaka wa 506 wa Hijria alikuwa Balkh, katika nyumba moja iliyokuwa kwenye mtaa wa wauza watumwa, na Omar na al-Isfizari walikuwa wamefikia hapo. Katika mazungumzo ya barazani Omar alitamka kwamba kaburi lake litakuwa mahali ambapo miti italimwagia maua mara mbili kila mwaka. Aruzi aliona jambo hilo haliwezekani, ila alijua kwamba mzee huyo hakuwa mtu wa kusema ovyo. Mwaka wa 530, yaani 1135 au 1136, alifika Nishapur akakuta mwalimu wake amekwisha kuzikwa miaka kadhaa iliyopita. Jioni ya kuamkia Ijumaa akamchukua mtu amwonyeshe kaburi katika makaburi ya Hira. Wakageuka kushoto, na pale chini ya ukuta wa bustani akaliona. Mipea na mifyulisi ilikuwa imeinamia kaburini kutoka upande wa pili wa ukuta, nayo ilikuwa imemwaga maua mengi kiasi kwamba udongo wa kaburi haukuonekana. Ndipo yalipomjia mazungumzo ya Balkh. Aruzi akasimama hapo juu ya maua, akalia.